Nilimuuliza AI namna ya kufunga instant shower, ng'ombe akakataa kunywa maji

Wakuu, natumai mko salama na familia zenu. Mimi ni mwalimu wa History na CRE huku karibu na Runyenjes, Embu. Ninayoandika hapa sijayatia chumvi, na zile sehemu za kuniaibisha nimeziacha vile zilivyo, kwa sababu bila hizo hakuna story.

Wekeni chai karibu.

Mke wangu Kawira ni wa Maua. Juzi juzi alijifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana, Wanja, kwa upasuaji wa CS. Daktari akamwambia kidonda kisiguswe na maji kwa siku kadhaa, ajipanguse tu na kitambaa. Akishaanza kuoga, aoge maji ya moto.

Sasa mtu wa huku juu anajua maji ya mfereji ya asubuhi. Ukiyamwaga kichwani unakumbuka dhambi zako zote kwa mpangilio.

Kwa hivyo nikamwahidi Kawira instant shower, ile ya stima inayopasha maji hapo hapo yakitoka. Nilimwahidi nikiwa nimeshika mkono wake pale wodini, na wauguzi walisikia, so hakukuwa na njia ya kurudi nyuma.

Nyumba tunayoishi aliijenga marehemu baba. Bafuni kuna laini ya zamani ya stima iliyokuwa ya heater fulani iliyokufa nikiwa primary. Nikasema kazi yenyewe ni ndogo, ni kuunganisha tu. Nikampigia fundi Njiru, ambaye ndiye fundi wa boma letu tangu enzi za mzee. Alikuwa mbali huko Ishiara akifunga posho mill, mashine ya kusaga unga.

"Mwalimu, nipatie hadi wiki ijayo," akaniambia. "Na usiguse kitu."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Kawira alikuwa anatoka hospitali Jumamosi, na mama yake anakuja naye kumsaidia kulea. Mama mkwe ndiye aliniharibu akili, nisiwafiche. Analala kwako mara ya kwanza, halafu akute binti yake anachemshiwa maji kwa sufuria baada ya ahadi zote zile?

Nikafungua simu nikauliza AI.

Ngoja nijitetee kidogo. Huyu jamaa wa kwenye simu tulikuwa tumezoeana. Ananitengenezea schemes of work, ananipangia maswali ya CAT, na kuna wakati aliniandikia hotuba ya mazishi hadi shangazi yangu akataka copy. Mtu akikufaa hivyo mara nyingi, unaanza kumwamini hata kwa mambo ambayo hamjawahi kuongea.

Akanipa steps vizuri kabisa, moja baada ya nyingine. Mwisho akaandika nitafute fundi mwenye leseni. Sentensi hiyo niliiruka jinsi wanafunzi wangu wanavyoruka instructions.

Nikauliza waya wa live, ule unaoleta moto, ni rangi gani. Akasema kwa kawaida black ndiyo live, white ndiyo neutral, ule wa kurudisha.

Nikaangalia ukutani. Nina black na red. White hatuna.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema basi red imekaa mahali pa white, nikaendelea. Sikumwambia niko Kenya na hakuniuliza, so alinijibu kama jirani yake wa Amerika.

Halafu kukaja waya wa earth, ule wa kupeleka stima inayovuja ardhini. Laini ile ya zamani haikuwa nayo. Nikauliza nifanye nini, akasema kuna nyumba ambapo earth hufungwa kwenye paipu ya maji ya chuma, kwa sababu paipu inaingia ardhini. Nikaangalia: paipu ya chuma hii hapa, nene, imetoka ukutani. Nikafunga.

Nikawasha. Maji ya moto yakatoka.

Wakuu, nilicheza bafuni peke yangu. Nilipogusa kile kifungulio cha maji nilihisi kitu kama siafu kwenye vidole, lakini nani hajui kwamba instant shower hupiga kidogo? Hata hivyo nikauliza AI, akaniambia nihakikishe earth imekazwa vizuri kwenye paipu. Nikachukua spana nikaikaza.

Kumbukeni hiyo paipu. Ikitoka bafuni inapita nje ya ukuta, inalisha mfereji wa nje, kisha inaishia kwa zizi la zero-grazing, kwenye nusu ya pipa la chuma ambalo ng'ombe wetu hunywea maji. Tuna ng'ombe mmoja wa maziwa. Anaitwa Deputy, kama naibu wa mwalimu mkuu, kwa sababu hakimbizwi na mtu.

Jumamosi wageni wakafika. Mtoto analala, Kawira anatembea polepole akishika ukuta, mama mkwe ana mizigo ya kulisha kijiji. Nikaonyesha shower yangu kama mtu anayekata utepe. Kawira akafurahi, akasema siku ya daktari ikifika ataoga hadi maji yaishe.

Mama mkwe hakuingia hata kuchungulia.

Kwa wasiojua, huku kwetu mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa umbali. Hamsalimiani kwa mikono ovyo, hamkai pamoja kupiga soga, na bafu ya mkwe ndiyo kabisa haingii. Kawira akaniambia mama yake ataoga kwa ile bafu ya zamani ya mabati huko nje, na maji atajitekea kwa mfereji wa nje na beseni. Maji ya mtoto pia atajichemshia kwa jiko. Nikaumia kidogo roho, shower yangu nzuri hivyo, lakini mila ni mila.

Jumapili Deputy hakunywa maji.

Anasogea kwa pipa, anashusha kichwa, pua ikikaribia maji anaruka nyuma. Anasimama hapo akiniangalia. Jumatatu vilevile, akijikimu na maji ya nyasi mbichi tu. Maziwa yakapungua, na hayo maziwa ndiyo uji wa Kawira.

Nikamuuliza nani? Ndiyo, yule yule wa simu. Akanipa list: meno, homa, maji machafu, kitu kimekwama tumboni. Nikasugua pipa hadi likang'aa. Nikabadilisha maji mara tatu. Nikafungua mdomo wa Deputy na kumulika na tochi ya simu, nikapiga picha ya ulimi, nikaituma. Nikajibiwa kwamba ulimi unaonekana wa kawaida. Deputy mwenyewe hakuonekana kufurahia.

Wakati wote huo nilikuwa na gumboots, maana sakafu ya zero-grazing haikauki. Na bafuni naoga na slippers. Wekeni hilo akilini.

Kitu kingine nilichokiona nikakipita: Jumatatu hiyo nilikuta mfereji wa nje umefungwa kitambaa kikavu pale pa kushika, juu yake karatasi ya nailoni. Nikamwambia Kawira mama yake ni mtu wa usafi sana. Kawira akasema labda chuma ni baridi kwake. Tukaacha hivyo.

Jumatano jioni Kawira akatangaza kwamba siku za daktari zimeisha, kesho asubuhi anaoga. Nikalala nikiwa mume bora Embu County nzima.

Asubuhi nikiwa naanika nepia, mama mkwe akaniita kutoka zero-grazing. Kuniita yeye mwenyewe haikuwa imetokea tangu afike. Nikaenda mbio. Nilimkuta ameweka beseni ya plastiki mbele ya Deputy, na Deputy anakunywa utadhani ametoka jangwani.

"Baba Wanja," akaniambia, akiangalia pembeni kwa heshima. "Hii ni beseni ya tatu. Maji ni ya mfereji ule ule. Hii ng'ombe haina ugonjwa. Inakataa chuma."

Sikuelewa. Akaniambia nitoe gumboot moja.

Nikatoa. Nikakanyaga ile sakafu ya maji na soksi, nikagusa pipa kwa kidole. Jamani, msijaribu hii kitu kwenu. Mkono ulirudishwa hadi kwa bega, na nikatoa sauti ambayo Form Two wakiisikia sitawahi kufundisha tena.

"Ni stima," akasema. "Mpira wa hizo gumboots umekuwa ukikukinga. Kibanda changu cha mabati huko Maua kilikuwa kinanishikaga hivi mvua ikinyesha. Huu mfereji unanishika tangu Jumapili."

Hapo ndipo nikamkumbuka Kawira.

Nilikimbia na gumboot moja na soksi moja. Nilimkuta kwa mlango wa bafu, taulo begani, miguu mitupu, sakafu bado ina maji niliyooga mimi. Mkono mmoja ulikuwa unaenda kwa kile kifungulio.

"Usiguse," nikamwambia. "Kawira, usiguse kitu, rudi nyuma."

Aliona uso wangu, akarudi bila kuuliza. Nikazima main switch. Halafu nikakaa chini kwenye korido. Nililia kidogo, wakuu. Mke ana kidonda kibichi, mtoto ana siku chache duniani, na mtego niliutega kwa mikono yangu nikiwa nimefurahi.

Nikampigia fundi Njiru. Sikumweleza mengi, nilisema tu nimegusa. Aliacha posho mill ya watu akaja na boda boda hadi kwangu.

Akafungua ile kazi yangu, akaiangalia kwa muda.

"Mwalimu, nani alifanya hii?"

"Mimi. Nilisaidiwa na AI."

"Huyo anaishi wapi? Tumwite arudie kazi yake."

Kawira alicheka hadi akashika kidonda. Njiru hakucheka, alianza kunionyesha makosa. Kwa nyumba ya zamani kama yetu red ndiyo live na black ndiyo neutral. Mimi nilibadilisha, so switch yangu ilikuwa inakata njia ya kurudi tu. Hata ukizima, moto wa stima unabaki umekaa ndani ya shower unangoja mtu. Na zile shower huvujisha kidogo kwenye maji, ndiyo maana earth ni lazima. Earth yangu sasa ilikuwa inachukua huo moto na kuusambaza kwa paipu yote, kifungulio cha bafuni, mfereji wa nje, hadi pipa la Deputy.

"Lakini paipu inaingia ardhini," nikasema.

"Inaingia wapi? Hiyo chuma inaisha hapo nyuma ya ukuta. Kutoka hapo hadi barabarani ni plastiki. Ya chuma ilioza, tukaing'oa. Hiyo plastiki tuliichimbia mimi na marehemu baba yako siku nzima, yeye ndiye alikuwa anashika jembe."

Hicho kitu hakiko kwa internet yoyote. Kiko kwa kichwa cha Njiru, na kilikuwa kwa kichwa cha mzee.

Akafunga laini mpya, akapiga earth rod ya shaba nyuma ya nyumba, akaweka switch ya kukata nyaya zote mbili na ile nyingine ndogo ya kuzima stima ikianza kuvuja. Akapima kila chuma na tester, hadi pipa. Nilipomuuliza fundi ni nini kingempata Kawira asubuhi ile, alikuwa anakusanya vifaa vyake. "Mwalimu, tushukuru tu," akasema.

Kawira aliposhiba maji ya moto siku iliyofuata, alitoka akisema Deputy ana degree kunishinda. Jina langu kwa WhatsApp ya familia yao kule Maua sitaliandika hapa.

Sasa somo. Sijakuja kuwaambia mtupe simu. Schemes of work za term ijayo nimeshatengenezewa. Lakini ile kitu inajibu swali uliloliuliza, haijui lile usilolijua. Haijaona ukuta wako, haijui baba yako alizika nini, na ikikosea wewe ndiye unagusa waya. Stima haina supplementary exam. Mwenye tester akikuambia ngoja wiki ijayo, chemsha maji kwa sufuria ungoje.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ni kweli, nami niliuliza sana, sioni mtu aliyeuliza kunishinda wiki hiyo.

Kilichoniuma zaidi nitawaambia. Siku mama mkwe anaondoka nilijikaza nikamsimamisha pale kwa geti. Nikamwuliza, "Mama, mfereji umekushika tangu Jumapili. Mbona hukusema?"

Akarekebisha leso yake.

"Nyumba ni ya mkwe wangu. Siwezi kuja kwako nianze kusema vitu vyako ni vibaya. Nilikuona ukiuliza simu kila asubuhi, nikasema labda kesho utaniuliza mimi."

Nimeandika uzi huu kwa sababu ya hayo maneno. Nichekeni, nimekubali, na wenye fundi hodari waweke uzoefu wao hapa chini tujifunze. Ila kabla hujaandika comment, inuka kwanza umuulize yule anayekutekea maji kama kuna kitu kinamuuma.