Hakuna Togwa Bila Jibu

Klara alikuwa mke wa marehemu mdogo wangu, na nawaambia ukweli, kwa miaka mingi alinichosha. Siku za mnada pale Mtinko aliuza togwa ya uwele hatua mbili tu kutoka mahali nilipokaa mimi, Naftali, nikishona makubazi ya ngozi. Sikuwa na pa kukimbilia. Mtu wa kawaida alinunua, akanywa, akaenda zake. Lakini akipita mtu wa serikali, awe karani, mpimaji wa barabara au mganga wa zahanati, Klara alimkaribisha kwenye kigoda, akajaza kata mpaka juu, halafu akaishikilia mwenyewe.

"Hii ni ya bure, mwanangu. Ila kwanza nieleze."

Na huyo mtu, jua limemchapa tangu asubuhi, angefanyaje? Alieleza. Karani alieleza kwa nini kesi nyingine zinapelekwa bomani Singida badala ya kumalizwa na jumbe. Bwana Shamba, yule aliyetuamuru tulime matuta ya kukinga mteremko, aliulizwa kwani matuta ya babu zetu yana kosa gani. Alijaribu maneno, Klara akayakataa. "Nionyeshe." Ikabidi bwana yule apige magoti na suruali yake ya kaki, afinyange vilima vya mchanga na kuvimwagia maji. Penye matuta ya kushuka, udongo ukaondoka wote. Penye matuta ya kukinga, ukabaki. Watu wakasema aaa! Mimi nikasema Klara ana kiherehere, mwanamke mzima kukamata wakubwa kama kuku.

"Wivu tu, shemeji," alinijibu. "Wewe umezoea viatu, haviulizi kitu."

Basi, mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla kwisha, jumbe aliita baraza akatusomea karatasi. Ugonjwa wa sotoka umeonekana upande wa kaskazini, unamaliza ng'ombe. Alhamisi ng'ombe wote wapelekwe mtoni wadungwe sindano, na kila atakayedungwa atakatwa ncha ya sikio la kulia. Akaikunja karatasi, akaenda kula.

Sikio! Jamani, kwetu sikio la ng'ombe ndilo linalomtaja mwenyewe. Kila ukoo una mkato wake. Wetu ni pengo dogo upande wa chini wa sikio la kushoto, tangu kwa babu. Ng'ombe akipotea akaonekana mwendo wa siku tatu, watu wanatazama sikio tu, wanajua wamrudishe wapi. Sasa serikali inakuja na kisu. Ya nini kama si kutunyang'anya? Hatukuona haja ya kuuliza. Wenye maboma saba tulikubaliana palepale kwamba Jumatano alfajiri tunaswaga mifugo kwenda porini, tutarudi mdungaji akishaondoka. Shauri lilikuwa langu, na nilijiona mjanja kupindukia.

Kulikuwa na tatizo moja. Kati ya ng'ombe kumi na mmoja bomani kwangu, mmoja hakuwa wangu. Klara hakuwa na boma, kwa hiyo ng'ombe wake pekee nilimlisha mimi kama ilivyo desturi yetu: mlishaji anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki na ng'ombe na ndama wake. Na ng'ombe huyo ndiye aliyesubiriwa kwa mahari huko Unyambwa. Simeoni, mwanawe Klara, alikuwa ameshakubaliwa na wakwe, na bila ng'ombe yule hapakuwa na harusi.

Jumatatu mchana Klara akaja kwangu, akapiga goti.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Nasikia ng'ombe wangu anasafiri."

"Anawakimbia wakata masikio."

"Na sotoka ikimkuta huko?"

"Porini hakuna sotoka."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi!"

Akanitazama. "Maziwa ni yako, shemeji. Ng'ombe ni wangu."

"Basi njoo umlishe mwenyewe," nikamjibu kwa ukali, nikijua fika kwamba hana pa kumweka. Akainuka, akaenda zake. Iliniuma, sikatai, lakini kichwa changu kilikuwa kigumu, ndivyo nilivyoumbwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Laurenti, msaidizi wa Bwana Mifugo, mtu wa Kilimatinde, akatokea na baiskeli. Klara aliruka akashika usukani kwa mikono miwili.

"Karibu ukae, mwanangu. Jua kali."

Kata ikajaa. Watu wakaanza kusogea, maana mchezo walikuwa wanaujua.

"Sikio la ng'ombe wangu mkishalikata," Klara akauliza, "ng'ombe anakuwa wa nani?"

Laurenti akashangaa. "Anakuwa wako, mama. Angekuwa wa nani?"

"Sasa alama ya nini?"

"Ili tusimdunge mara mbili. Na asiye na alama tumjue, naye tumkinge."

Sikuvumilia. Nikasimama na kubazi mkononi. "Mwongo wewe! Ncha ya sikio la kulia ni mkato wa ukoo wa Mughwai. Mkimaliza kazi yenu, Mtinko nzima itakuwa ng'ombe wa Mughwai!"

Mzee Mughwai mwenyewe alikuwa hapo anachagua chumvi. Akainua fimbo juu. "Basi mimi nakubaliana na serikali! Nileteeni wote, boma langu litafika Singida!"

Mnada ulilipuka kwa vicheko. Hata mimi nilicheka, ingawa niligeuka pembeni nisionekane. Laurenti peke yake hakucheka. Alivua kofia.

"Kumbe sikio lina mwenyewe? Hili hatukuambiwa."

"Mlimuuliza nani?" akasema Klara.

"Hatukuuliza."

"Na sisi hatukuuliza habari za sindano. Tumekosa sote. Kunywa togwa yako."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza hasa. Laurenti akataka kujua ni wapi kwenye sikio hapana mkato wa mtu. Klara akachora sikio kubwa chini, kila mwenye ng'ombe akaja kuweka kidole mahali pake. Sikio likajaa pande zote, na watu wawili karibu wapigane kwa pengo la juu. Palibaki katikati tu, maana kwa kisu hapatoboki vizuri. Klara akageuka polepole akatazama zana zangu.

"Shemeji, hicho chuma unachotobolea mikanda, si kinatoa tundu la mviringo?"

Nikakiinua waone. Watu wote walikuwa wananitazama. Jumatano alfajiri, mifugo ikiwa bado bomani, Laurenti akarudi kutoka kwa mkubwa wake na habari kwamba tundu la katikati limekubaliwa, na kwamba mtoboaji anajulikana. Mimi! Wenzangu wanne wa lile shauri la porini walicheka, wakabaki. Wawili waliniita msaliti, wakaswaga ng'ombe wao wakaenda.

Alhamisi mtoni kulikuwa na vumbi, mbinja na vigelegele, utadhani ni ngoma ya mavuno. Laurenti alidunga, mimi nikatoboa, mpaka kiganja kikavimba. Klara alizunguka akinikosoa kila sikio. Nakiri nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi za maisha yangu.

Wiki ya tatu wale wawili walirudi. Walishika fimbo tu. Porini walikuta nyati wagonjwa wamejaa kwenye maji, na sotoka haikuwabakizia hata ndama. Tuliwagawia ng'ombe wa kulisha, watoto wao wapate maziwa. Lakini mimi siku ile sikushona hata kubazi moja. Ni maji yaleyale niliyokuwa nimeyachagua mimi tukajifiche na mifugo.

Nikaenda kwa Klara. Alikuwa anapepeta uwele. Nilimzidi miaka kumi na miwili, na mumewe nilimbeba mgongoni akiwa mtoto. Nikavua kofia, nikapiga goti mbele ya mlango wake.

"Shikamoo."

Ungo ulimponyoka. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Marahaba, shemeji. Ng'ombe wangu hajambo?"

"Hajambo," nikasema, na machozi yakanitoka, mtu mzima mimi. "Hajambo kabisa."