Makubazi Mawili ya Kushoto

Leo adhuhuri, kwenye maporomoko ya maji ya Shimba, nimepotelewa na kubazi langu la kulia.

Tulikuwa watu sita. Tukavua makubazi kumi na mawili, tukaswali mwambani.

Kutoa salamu tu, Bakari, kiongozi wetu wa njia, keshatangulia. Mimi nimeachiwa mawili ya kushoto!

Fundi makubazi mzima, nimeteremka mlima nikienda upande kama kaa.

Nikamkuta Bakari barabarani, ananicheka. "Fundi, hata kutembea hujui?"

Naye alikuwa akichechemea!

Haya jamani, hesabuni. Ya kushoto mawili ninayo mimi. Ya kulia mawili anayo nani?

Bakari, nimeibandika hesabu hii hapa dukani unapokunywa kahawa. Kabla ya adhana ya magharibi nijibu: ni wewe, au si wewe?