Nilivyofufua mashine ya kujumlishia iliyokwama na namba 84 tumboni

Wakuu, heshima kwenu wote.

Siku tatu hizi situlii, chai inapoa mkononi. Nimeona nikae niandike yote kama yalivyotokea. Chumvi sijaongeza, na karatasi yenyewe ya ushahidi ninayo mezani hapa.

Kwa msionijua: mie ni wa miaka arobaini na kitu, niliishia form four, nimezunguka sana. Nimeuza viatu Kahama, nimekuwa utingo wa malori ya Songea, nimekaa Tunduma mpaka nikaichoka. Sasa hivi nimepanga Tandale, chumba na sebule. Sebule yangu haina makochi. Ina mashine za kujumlishia kumi na moja.

Nazungumzia zile za chuma za maofisini zamani. Hazijui umeme wala betri. Vitufe vimejipanga safu safu kama punje za mahindi kwenye gunzi, na pembeni upande wa kulia kuna mkono. Unabonyeza namba, kitufe kinazama na kubaki chini. Unavuta mkono: krrr-CHAK! Namba inachapwa kwenye karatasi, vitufe vinapanda vyenyewe, tayari kwa namba nyingine.

Msiniulize faida yake. Baba yangu alikuwa karani wa ghala la pamba Shinyanga, na mie utotoni nililalaga chini ya meza yake nikisikiliza huo mlio. Mtu nisiyetulia popote, nikiusikia tu, natulia. Maelezo mengine sina.

Sasa tuingie kwenye story.

Kuna fundi cherehani Mbagala ninayenunuaga kwake mafuta ya kulainishia mashine. Siku moja akaniambia, "Braza, nyuma ya kwangu hapa kuna mzee ana taipureta isiyo na herufi. Namba tupu."

Wakuu, niliacha hata chenji.

Nyumba ya nyuma nikamkuta mzee amekaa barazani, mwembamba, kanzu safi, macho hayaoni tena. Tumwite Mzee Litunu. Mtu wa Mtwara, alikuwa karani wa ghala la korosho miaka hiyo. Mkewe, Bi Somoe, alikuwa anachambua mchele pembeni.

Nikapiga shikamoo mbili, nikajieleza. Mzee akacheka.

"Marahaba. Kwa hiyo wewe kazi yako kutafuta vyuma vizee?"

"Si kazi, mzee. Ni ugonjwa."

"Basi umefika hospitali."

Ikatolewa chini ya kitanda, imefungwa kwa khanga. Nikaifungua. Rangi ya kijani ya zamani, vitufe vyeupe na vyeusi, vyote vipo, hata kimoja hakijang'oka! Tatizo moja tu: mkono ulikuwa umesimama katikati. Hauendi mbele, haurudi nyuma. Na vitufe viwili vilikuwa vimezama: 8 kwenye safu ya makumi, 4 kwenye safu ya mamoja.

Mzee akanisimulia. Ilikwama siku ya mwisho ya msimu, ghala likiwa linafungwa moja kwa moja. Mkubwa wake alipoiona akamwambia mbele za watu, "Litunu, hukuipaka mafuta." Wakamwachia aondoke nayo kwa kuwa haikufaa tena.

"Na kweli nadhani sikuipaka," mzee akasema. "Miaka yote kazini nilipaka kila Jumatatu. Ile wiki ya mwisho sikumbuki. Ndiyo inaniuma mpaka leo."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia msiba, wakuu. Zaidi ya miaka thelathini imepita!

Hapo akaingia mtoto wao, Salumu, anayeishi Kawe. Mwenye nyumba wa Mbagala anataka kubomoa ajenge fremu za maduka, kwa hiyo Salumu alikuwa anawahamishia wazazi kwake, chumba kimoja. Jamaa si mbaya, alikuwa amechoka tu.

"Kaka, mie sina nafasi ya chuma kilo kumi na tano kisichofanya kazi. Jumamosi tunahama, na nimeshaongea na mtu wa skrepa. Ikiwa nzima, sawa, mzee ataondoka nayo. Ikiwa mbovu, inapanda mzani na vyuma vingine."

Nikasema niuzieni mie basi. Mzee akakataa palepale.

"Ukiinunua mbovu, itakaa kwako ikisema Litunu hakupaka mafuta. Nitengenezee. Nataka niisikie mara moja. Baada ya hapo hata ikienda skrepa, roho yangu imetulia."

Ilikuwa Jumatatu.

Natoka na mzigo begani, Bi Somoe akanisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, hivyo vitufe viwili vilivyozama, vipandishe kwanza kabla ya lolote. Mkono utarudi wenyewe."

Nikajisemea, huyu mama anaijua mashine kuliko mie! Shikeni hapo, tutarudi.

Nikafika Tandale, nikafungua kifuniko cha chuma. Ndani vumbi, mayai ya mende, na mafuta ya zamani yaliyoganda kama ulimbo. Nikakosea kosa ambalo sisi wagonjwa wa mashine hizi ndio tunaoliweza: nikajifanya najua. Nikachukua bisibisi nipandishe vitufe, huku kwa mkono mwingine naurudisha nyuma ule wa mashine kwa nguvu.

TAK!

Kitu kikanipita sikioni. Springi.

Nilikaa chini sakafuni. Nimemwahidi kipofu, na sasa nimezidi kuiharibu. Springi niliitafuta kwa sumaku chumba kizima, nikaikuta ndani ya kiatu. Imevunjika vipande viwili, na vitufe bado vimezama vilevile.

Jumanne nzima sikugusa kitu. Nilizunguka Tandale sokoni bila kununua, nikarudi, nikatoka tena. Hapo ndipo mwili ulipoanza kunidai nihame mji, mnajua wale wenzangu.

Jumatano nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Nikakaa mbele ya mashine yangu nzima, ile ya kwanza kabisa niliyoipata Tanga, nikaifungua na kuuvuta mkono polepole, huku nachungulia. Nikafika nusu, nikajaribu kuurudisha.

Haukubali!

Wakuu, humo ndani kuna kidole kidogo cha chuma kinachotembea juu ya meno kama ya msumeno. Kazi yake ni kumzuia karani mwenye haraka asivute nusu akaachia. Ukianza kuvuta, mashine inataka umalize. Ukilazimisha kurudi, kile kidole kinapinda na kujichimbia kwenye meno, na kila kitu kinaganda hapohapo. Dawa ni kukinyoosha, halafu kwenda mbele. Miaka yote naitengeneza mitambo hii sikuwahi kukijali kwa sababu hakijawahi kuniharibikia.

Nikarudi kwenye mashine ya mzee na tochi. Kidole kimepinda kweli. Lakini kilikuwa na alama mbili. Moja inang'aa, hiyo yangu ya Jumatatu. Nyingine nyeusi, ya kutu, ya zamani.

Maana yake kuna mtu alishaulazimisha mkono huu kurudi kabla yangu. Mafuta hayahusiki kabisa! Nilipiga kelele peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Alhamisi na Ijumaa nilikuwa kama nina homa ya furaha. Mchana niliianika juu ya bati nje, jua la saa saba likalainisha ule ulimbo, nikasafisha kwa mafuta ya taa na mswaki, gia moja moja. Kidole nikakinyoosha kwa plaizi, pole pole kama natoa mwiba. Utepe wa wino ulikuwa mkavu, nikaulowesha kwa wino wa mihuri. Karatasi nikaweka roli ya kawaida ya mashine za risiti za dukani, ikaingia kama imezaliwa nayo.

Ikabaki springi. Nilijaribu za kalamu, dhaifu. Za breki ya baiskeli, ngumu. Yenye kipimo chake ilikuwa moja tu, ndani ya ile mashine yangu ya Tanga.

Niliitoa. Sitasema iliniuma kiasi gani, mtanicheka.

Mkono ukawa mwepesi, naona kabisa uko tayari kwenda mbele. Lakini sikuuvuta. Mzee ndiye aliyetaka kuisikia.

Jumamosi asubuhi nafika Mbagala, kirikuu cha skrepa, kile kigari kidogo cha mizigo, kimeshapaki mlangoni, mzani wa kusimamia umeshushwa chini, masufuria na nondo viko kwenye foleni. Salumu anaangalia saa. Nikaweka mashine kwenye stuli mbele ya mzee, nikaushika mkono wake nikauweka juu ya mkono wa mashine.

"Mzee, uko nusu ya safari. Peleka mbele mpaka mwisho."

Bi Somoe akasema haraka, "Si tuvipandishe vile vitufe kwanza?"

Mzee alishavuta.

Krrr-CHAK!

Mzee akatega sikio. Mdomo wazi, kichwa ameinamisha upande kama anamsikiliza mtu ndani. Mtu wa skrepa akaacha nondo akasogea.

"Imeandika?" mzee akauliza.

"Imeandika, mzee."

"Ngapi?"

Nikainua macho, nikakutana na Bi Somoe nyuma ya mumewe, ananipungia mkono: usisome, usisome! Nimechelewa.

"Themanini na nne."

Mzee Litunu akacheka kicheko ambacho sikujua mwili ule mwembamba unaweza kukibeba. "Themanini na nne! Huyo ni Somoe! Huyo ni mke wangu!"

"Mzee! Mbele za wageni!"

Kumbe, wakuu, siku ile ya mwisho Bi Somoe alipeleka chakula ghalani. Makarani kwa utani wakampandisha kwenye mzani wa magunia. Kilo themanini na nne. Mzee akaibonyeza kwenye mashine, gunia la mwisho la msimu, akatoka nje kumwita mwenzake aje ashuhudie. Aliporudi akakuta mashine imekwama.

Mie kwa ujuaji wangu nikadakia, "Sasa mzee, tulia nikwambie. Haikuwa mafuta. Kuna mtu alivuta mkono mpaka nusu, kisha akaurudisha kwa nguvu. Alama yake nimeiona kwa macho."

Mzee akatikisa kichwa. "Mimi sikuvuta. Nilibonyeza tu, nikatoka."

"Nani alibaki ndani?"

Salumu akamgeukia mama yake. Mtu wa skrepa akamgeukia. Hata mzee asiyeona akageuza uso upande ule ule.

Bi Somoe akaweka khanga mdomoni. "Nilitaka kuifuta hiyo namba! Nilikuwa nawaona mnavuta na vitufe vinapanda. Nimevuta, nikasikia inataka kupiga, nikajua inaniandika. Nikairudisha."

"Somoe. Miaka yote hii najilaumu mimi."

"Ningesema vipi? Mkubwa wako alishakutukana mbele ya watu. Siku zikapita, neno likawa zito." Halafu akajikusanya, sauti ikapanda. "Na ingekuwa nzima wangekuachia? Ingepelekwa makao makuu! Nishukuru mimi!"

Kicheko tulichocheka hapo barazani, wakuu, fundi cherehani alikuja kuchungulia. Salumu alikuwa anafuta machozi na fulana.

Mzee akainyoosha mikono juu ya vitufe. Hakuhitaji macho. Vidole vikatembea safu kwa safu kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani.

"Wewe wa skrepa, mzani wako unafanya kazi?"

"Unafanya, mzee."

"Somoe, panda."

"Sipandi."

"Panda, tumalize msimu."

Akabisha, akacheka, akavua kandambili, akapanda. Mtu wa skrepa akainama kusoma. Kilo sitini na moja. Mzee akabonyeza 6, akabonyeza 1, bila kukosea, kisha akaisukuma stuli upande wa mkewe.

"Vuta wewe. Safari hii usirudishe."

Bi Somoe akaushika mkono kwa mikono miwili, akafumba macho, akavuta mpaka mwisho.

CHAK!

Mashine haikupanda kirikuu cha skrepa. Salumu aliibeba mwenyewe mapajani mpaka Kawe.

Mie nilipewa kile kipande cha karatasi. Namba mbili tu, 84 na chini yake 61. Mzee aliniambia kisitoke sebuleni kwangu, kwa hiyo mniwie radhi, hiki sikiuzi. Naona nitakaa Tandale kidogo.

Nilichojifunza: ukikuta mashine hizi mkono umesimama katikati, usiurudishe hata ukiambiwa na mama mwenye busara usoni. Fungua kwanza, tazama kidole, kisha peleka mbele. Na kabla hujamlaumu mtu kwa mafuta, uliza nani alibaki ndani.

Mashine yangu ya Tanga bado haina springi. Mwenye chuma cha namna hii uvunguni kwa babu, au aliyewahi kuvuta akarudisha akanyamaza, aje aseme hapa chini. Hatutacheka sana.