Gurudumu la Tatu la Bi Salme

Salme binti Thabit bin Masoud bin Nasoro. Nasoro ndiye aliyeingia Tabora na msafara kutoka pwani, akachimba kisima ambacho majirani wote walikunywa maji yake mwaka wa njaa. Masoud alijenga nyumba Gongoni kwa udongo na ubishi. Wajerumani wakambomolea ukuta, akausimamisha tena palepale. Thabit alifunga duka siku bendera mpya ilipopandishwa, akawaambia wateja chumvi itangoja. Hao ni wa upande wa baba. Upande wa mama yake, Mnyamwezi halisi, babu yake alibeba pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo, akarudi na mzigo wa nguo, na maisha yake yote aliwacheka wasafirio kwa punda. Naye Salme mwenyewe aliendesha pikipiki barabara za Tabora wakati binamu zake wa kike walikuwa bado wanaitazama dunia kwenye upenyo wa mlango.

Na pikipiki yenyewe haikuwa kitu cha kwendea sokoni. Ilikuwa ya safari ndefu, tangi lake pana kama mgongo wa ndama, na muungurumo wake ulisikika kabla hujaiona. Mzungu mmoja alikuja nayo akifuata njia ya zamani ya misafara, akitaka kufika Ujiji, homa ikamwangusha nyumbani kwa Mzee Thabit. Alipopona hakutaka hata kuitazama. Akamwachia mzee, yeye akapanda treni. Mzee akampa binti yake ufunguo, maana Salme alikuwa Bibi Maendeleo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kuwafundisha kina mama kusoma na kuandika, na baiskeli ilikwisha kumchosha viuno.

Basi ukaja mwaka wa kuhamishwa watu kuingia vijiji vya Ujamaa. Lori lililopakia watu, mbuzi na vyungu likapinduka korongoni. Salme alikuwa akipita. Akaegesha pikipiki, akashuka kumvuta mtoto aliyebanwa, na alipokwisha kumtoa lori likabiringika mara ya pili. Mtoto akapona. Mguu wa kushoto wa Salme ukakatwa chini ya goti.

Mzee Thabit alikuwa amekwisha kufa. Nyumba ilikuwa mkononi mwa kaka mkubwa, Humaidi, mtu mwema kwa namna yake. Alimnunulia dada yake mkeka mpya na mto wa pamba, akampa chumba cha uani chenye kivuli, akawaagiza watoto wasimpigie kelele. Kila mtu alimsifu Humaidi kwa huruma. Salme alikaa juu ya ule mkeka akihisi anazikwa kidogo kidogo, huku akiletewa chai.

Bwana mkubwa wa ofisi yake alikuja kumpa pole. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi. Alisema darasa lake la Kipalapala litafanya mtihani wa kisomo mwezi wa Agosti, na mwalimu asiyeweza kwenda si mwalimu, hata awe na moyo gani. Salme akamuuliza, je, akienda? Bwana yule akatabasamu, akasema ikiwa siku ya mtihani atafika Kipalapala mwenyewe, bila kubebwa na mtu, kazi ni yake. Asipofika, atapumzishwa.

Siku ya pili Salme aliingia kwa magongo kwenye karakana ya Dionis. Huyu Dionis alikuwa Msukuma kutoka Choma, aliyetengeneza magari ya ng'ombe tangu ujana, kisha akaja mjini kuchomelea mageti. Kwa kuwa mama yake Salme alikuwa Mnyamwezi, wawili hawa walikuwa watani, na mtani hana haki ya kununa. Alipomwambia anataka pikipiki yake iwe na magurudumu mawili nyuma, isimame yenyewe bila mguu wa kuishikilia, Dionis alimwambia kwamba Waarabu wamezoea kubebwa kwa machela, afadhali amtengenezee hiyo. Salme akamjibu kwamba Msukuma anajua kitu chenye pembe tu, akiona hendeli atataka kuikamua. Wakaelewana.

Kazi ilikwenda vizuri mwanzoni. Dionis alikata sehemu ya nyuma, akapachika ekseli ya gari bovu lililokuwa limelala nyuma ya karakana. Mnyororo ukaletwa mpaka katikati ya ekseli kuizungusha. Breki ya nyuma, ambayo zamani ilikanyagwa kwa mguu wa kushoto, akaihamishia mkononi. Gia na kiki ya kuwashia zilikuwa upande wa kulia, hazikuwa na shida. Ilipofika zamu ya magurudumu, fundi akasimama akafikiri sana. Gari la ng'ombe, alisema, huvutwa, ndiyo maana magurudumu yake huachwa yazunguke yatakavyo. Hili halivutwi, linasukuma. Akayachomelea yote mawili kwenye ekseli, yawe kitu kimoja, na akajisifu mpaka kwa muuza kahawa.

Salme alilitoa gari hilo jioni, baada ya swala ya alasiri. Lilikwenda likanyooka kama mshale, mchanga ukatimka, watoto wakashangilia. Alipofika mbele ya nyumba yao alikata hendeli kulia apinde kona. Gurudumu la mbele lilipinda. Mashine haikupinda. Ililima mchanga moja kwa moja, ikapanda baraza ambako Humaidi alikuwa ameketi na wageni, ikagonga ukuta. Birika la kahawa lilipaa. Mgeni mmoja alikutwa amepanda dirishani, na hakuweza kueleza alivyofika.

Hakuna aliyeumia. Lakini Humaidi alijifuta kahawa kwenye kanzu, akasema mbele ya wote kwamba kesho chuma hicho kitavunjwa.

"Kivunje," Salme akamwambia, bado amekalia kiti cha mashine. "Lakini utanikuta hapahapa juu yake."

Wageni wakatazama vikombe vyao. Humaidi akaingia ndani.

Asubuhi Salme aliamka kabla ya kila mtu, akawaomba wapita njia wamsukumie mashine mpaka karakana. Dionis alikuwa amekwisha kuandaa maneno. Alisema kosa si la chuma, ni la dereva. Mikono ya mjini haina nguvu.  Salme akakaa juu ya gogo, akatazama yale magurudumu mawili kwa muda mrefu. Alikuwa ametembelea vijiji vingi wakati wa kilimo, akawangoja wanafunzi wake wamalize matuta ndipo wakae kusoma, na akili yake ilikuwa huko.

"Mtani," akasema. "Ng'ombe wawili wakifika mwisho wa shamba na jembe, wanageukaje?"

"Wa ndani anasimama, wa nje anamzunguka. Hata mtoto anajua."

"Na ukiwafunga miguu pamoja?"

 Dionis akalizunguka lile gari mara moja, akachukua tindo, akaanza kuukata mchomeleo wa gurudumu la kushoto huku akilaani kwa Kisukuma, hasa akijilaani mwenyewe. Akalitia beringi, liwe huru. La kulia peke yake likabaki kusukuma.

Sasa ilipinda. Haikuwa mashine ya raha, maana kwa kusukumwa upande mmoja ilipenda kwenda kushoto kila ulipoongeza moto, kama mbuzi aliyeona mahindi ya watu. Na mwili wa Salme ulikuwa bado na tabia ya zamani ya kulala kwenye kona, tabia isiyofaa kitu hapa. Kulala ulale, mashine hii ilisikiliza mikono tu. Alizunguka uwanja wa nyuma ya karakana kila alasiri mpaka mabega yakavimba. Usiku Tufaha, mkewe Humaidi, alimkanda kwa mafuta ya moto bila kumwuliza lolote.

Siku ya mtihani Salme alimkuta Humaidi amesimama langoni, na lango limefungwa.

"Kaka, nifungulie."

"Watu watasema nimeshindwa kumtunza dada yangu."

"Waache waseme. Mimi nitakuwa nimefika."

"Ukianguka njiani nani atakuokota?"

"Niliangukiwa na lori nikiwa na miguu miwili, na nikaokotwa. Fungua lango."

Hakufungua. Salme akapiga kiki, mashine ikanguruma, akaitia gia. Humaidi akatazama gurudumu la mbele, na yaelekea aliikumbuka baraza, kwa maana alilisukuma lango upesi, akajibanza ukutani.

Njia ya Kipalapala ilikuwa mchanga mtupu kwa kiangazi kile. Salme alishikilia hendeli kwa kuivutia kulia mwendo wote. Mashine ikazama mara moja. Akashuka, akaisukuma akiegemea gongo, akapanda tena. Wanafunzi wa seminari ya Kipalapala waliokuwa shambani wakasimamisha majembe. Hakuwapungia mkono, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Kina mama wake walikuwa nje ya darasa. Msimamizi wa mtihani alikwisha kuwaita mara kadhaa na hawakuingia. Walikaa chini, kanga zimewafunika miguu, wakisema mwalimu wao yuko njiani. Bwana mkubwa alikuwa ameegemea gari la ofisi. Salme alizima moto mbele yake, akachukua magongo, akashuka mwenyewe. Wale kina mama wakainuka wakaingia ndani.

Mtihani ulipokwisha, bwana mkubwa alimsogelea. Alikiri kwamba amefika. Basi Kipalapala atabaki nayo, kwa kuwa ni karibu. Vijiji vyake vingine vya mbali, vya njia ya Nzega, vitapewa mwanamume.

"Sikukata pikipiki ya baba yangu ili nije Kipalapala," Salme akasema. "Njia ya Nzega ni yangu. Uliniambia nikifika kazi ni yangu, hukusema nusu yake."

Bwana yule akatazama gari, akatazama wale kina mama waliokuwa wakitoka darasani na kusikiliza. Akauliza, kwa sauti ndogo, siku atakazokuwa njia ya Nzega nani atawafundisha hawa wa hapa.

Salme akageuka. Nyuma yake alisimama Katarina, mama yake Tobias, mtu mzima, wa kwanza darasani kujua kuandika jina lake.

"Shikamoo, Mama Tobias. Umesikia?"

"Marahaba. Nimesikia, mwalimu. Lakini mimi nasoma polepole."

"Nao watakufuata polepole." Akatoa boksi la chaki kwenye kikapu cha nyuma, akamtia mkononi. "Wale waliochelewa kuingia kijijini bado hawajui hata a. Uanze nao Jumatatu. Mmoja wao, Veneranda, akikasirikia herufi, mwache akasirike, ila usimwache atoke mlangoni. Na ofisi ikileta mtu wa kukuambia huwezi, mwambie akae kwenye benchi, umfundishe naye."