Dirisha Lililotazama Ukuta wa Bi Zuhura

Kazi ile iligharimu filamu moja, jozi ya makubadhi mapya, na nyumba ya mjane aliyeniamini. Nimehesabu mara mbili. Ukitaka kusema natunga, sema. Miguu yangu ilikuwepo.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nikipiga picha za majumba, kibanda changu kikiwa nyuma ya Biashara Street. Bi Zuhura akanijia. Mumewe amekufa, na mashemeji zake wataka nyumba yake ya Mji wa Kale iuzwe, ivunjwe, wakidai ukuta wa nyuma umelala. Wamekubaliana injinia mmoja wa Nairobi aamue kwa picha.

Sasa, ukipiga ukuta mrefu toka chini, kamera ikiangalia juu, ukuta hulala hata kama umenyooka. Lazima usimame nao sawa, ghorofa kwa ghorofa. Nikaenda saa sita mchana, jua lipate kuingia uchochoroni. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na nyumba ya ghorofa mbili, mlango wazi. Nikapiga hodi.

"Pita, mwanangu," sauti ikajibu kutoka juu.

Nikapanda, nikavua makubadhi mlangoni mwa chumba. Mzee alikuwa ameketi kando ya dirisha.

"Shikamoo, ami. Naomba dirisha lako dakika tano."

"Marahaba. Dirisha la watu si la bure ati. Nipigie nyumba yangu picha tatu."

"Tatu! Ami, wataka kunifilisi? Moja."

"Mbili."

"Moja, na nitaileta mwenyewe."

Akacheka. "Mtoto wa sokoni wewe! Haya, moja. Lakini ulete."

Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa na vumbi la chokaa. Nikajipangusa kwenye suruali, nikapiga kazi ya Bi Zuhura. Ya mzee nikasema nitarudi kesho, filamu imekwisha. Kutoka, makubadhi hayapo. Kuibiwa viatu mjini kwetu ni jambo geni? Nikakimbia peku, mawe ya uchochoro yakinichoma, wala sikugeuka nyuma.

Picha zilitoka safi, ukuta wima kama herufi ya alifu. Nikazipeleka sebuleni kwa Bi Zuhura, mashemeji wote wapo.

"Ulisimama wapi, fundi?" akauliza mkubwa wao.

"Juu, nyumba inayotazamana na ukuta."

"Ile ilianguka sisi hatujaoa. Picha kongwe hizi umeziokota wapi? Shemeji, umemlipa ngapi huyu?"

Bi Zuhura akajitanda buibui. Tukatoka wote hadi uchochoroni. Gofu, mbuzi wawili, na kipande cha ukuta kimesimama peke yake. Juu kabisa, pasipo ngazi wala sakafu, makubadhi yangu yamepangwa pamoja. Nikawaonyesha; wakasema nimeyatupa mwenyewe.

Picha hazikufika Nairobi. Nyumba ikauzwa, ikavunjwa. Bi Zuhura amepanga chumba Ganjoni. Tukikutana hujifunika uso kwa buibui, apite.

Nami, amini usiamini, kila filamu ninayosafisha ina picha moja nisiyoipiga: ukuta wake, wima, umepigwa toka lile dirisha. Yule mzee angali anapiga. Mimi ndiye ambaye sijapeleka yake.

Kwa hiyo wewe mpiga picha, kabla ya kupanda ngazi za watu, waulize majirani ni nyumba ya nani. Na mwenye kujua anishauri: nyumba iliyoanguka naipigaje picha, na nikishaipiga, nimkabidhi wapi mwenyewe?