Mama Mkwe, Bawa la Ndege na Ovaroli Yangu Mpya

Hii stori nilikuwa nimeapa itabaki Naivasha, lakini kwa vile mke wangu Njoki ameshaisimulia saluni, kanisani, na kwa mama mboga wetu hapa mtaani Section 58, na kila anayeisikia anaongeza chumvi yake, heri niwaambie mwenyewe vile ilivyokuwa, mcheke mara moja tumalizane.

Mimi ni fundi wa friji, na tangu utotoni nina wazimu wa ndege. Mwaka jana nikapata watu wanaouza ndege ndogo ya kujiundia, inakuja vipande vipande kwenye masanduku, unaiunganisha mwenyewe nyumbani. Shida ilikuwa hapo kwa nyumbani, kwa sababu bawa moja tu ni refu kuliko sebule yetu. Mtu pekee wa familia mwenye nafasi ni mama mkwe wangu, ambaye ana stoo kubwa ya viazi huko Njoro, siku hizi imekaa tupu. Nikaenda kuiomba, nimevaa tai kabisa. Akaninywesha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Shiru, siwezi kupatia mtu stoo yangu aende ajiue nayo. Enda kwanza usomee hiyo kazi. Nitakuja nione na macho yangu vile umetengeneza, ndio nikupatie kifunguo."

Basi nikajiandikisha kwa mafunzo ya wikendi moja Naivasha, kwenye banda la mabati kando ya kiwanja kidogo cha ndege. Hapo hakuna kukaa ukiandika. Kila watu wawili wanapewa vipande vya bawa dogo la kujifunzia, urefu wa meza, wanaliunda kwa mikono yao mpaka liishe, na Jumapili alasiri familia zinakaribishwa kuona. Mwalimu wetu Kiprono alikuwa mpole sana, sheria zake zilikuwa chache, na mojawapo ilikuwa kwamba mikono ya nguo ikunjwe mpaka juu ya kiwiko. Ikumbukeni hiyo.

Sasa, nilikuwa nimeshonesha ovaroli ya bluu kwa fundi mmoja wa nguo mtaa wa Bondeni, na mgongoni akaniandikia KAPTENI kwa uzi wa manjano (sijawahi kuendesha hata pikipiki, lakini roho ilitaka). Huyo fundi alinipima akiongea na simu, kwa hivyo akanipatia kiuno cha kijana wa sekondari na mikono ya mchezaji wa basketboli. Jumamosi niliivaa juu ya suruali nikashindwa kupumua. Jumapili, jua la Naivasha likiwa limeamka vibaya, nikafanya uamuzi mdogo tu: nikaingia chooni, nikavua suruali, nikaitia kwa begi, nikajiambia, nani atajua? Ndani nikabaki na boksa, na boksa yenyewe ilikuwa ya rangi ya waridi, kwa sababu ilifuliwa pamoja na sweta nyekundu ya shule ya binti yetu Shiru.

Nilikuwa nimewekwa na Achieng', mama mmoja fundi wa pampu kwa shamba la maua, mtu wa kupima kitu mara tatu kabla ya kukigusa. Tulifika mahali pa kufunga bati la mwisho la bawa. Mmoja anaingiza mkono ndani kushikilia mbavu za bawa zisiteleze, mwingine anapiga riveti, yaani hivyo vipini vidogo vinavyobana bati lisitoke. Achieng' akasema, "Kapteni, ngoja nilete chai, nikirudi tusaidiane." Mimi huyo, na jina mgongoni, ningengojaje? Nikaingiza mkono wa kulia ndani, na kwa kushoto nikashika bunduki ya riveti, ile ya upepo, nikaanza. Za kwanza zikaingia vizuri. Zilizofuata zikawa ngumu kidogo, nikazisukuma kwa nguvu (nilidhani hapo bati ni nene). Nilipomaliza nikafurahi, nikavuta mkono nitoke, na ovaroli ikakataa.

Mkono wa ovaroli ulikuwa umejikunjua, ukaingia kati ya bati na ubavu, na mimi nikaupigilia humo na riveti mstari mzima. Mkono wangu mwenyewe haukuwa na neno. Ningefungua vifungo, nitoke kwa ovaroli, mambo yaishe. Lakini nitoke nielekee wapi, na ile boksa? Ningeomba makasi pia, lakini kapteni anaombaje makasi? Nikaegemea meza nikajifanya nakagua kazi. Achieng' akarudi. "Mbona hunywi chai?" Nikamwambia, "Nashikilia hapa kwanza."

Nikiwa nimeshikilia hivyo, mlango ukafunguliwa, familia zikaingia, na mbele ya wote Njoki na mama mkwe, amevaa nguo za kanisa. Akaja moja kwa moja, akaninyoshea mkono. "Baba Shiru, habari ya kazi?"

Nikampa wa kushoto. Mama mkwe akauangalia tu, wake ukabaki hewani. Kwetu huwezi kumpa mama mkwe mkono wa kushoto, afadhali usimsalimie kabisa. Nikaona aibu, nikaona pia stoo ikienda, nikapiga hatua mbele nimpe wa kulia, bawa likanifuata, likateleza kwa meza, likaanguka na uzito wake wote, na vifungo vya fundi wa Bondeni (vile vya kubonyeza) vikaachia tra-tra-tra-tra kutoka shingoni mpaka chini. Ovaroli ikawa sakafuni, na mimi nimesimama mbele ya mama aliyemzaa mke wangu nikiwa na boksa ya waridi.

"Yesu wangu!" Mama mkwe akageuka haraka akaangalia ukuta, akavua leso yake mabegani, akairusha nyuma bila kuangalia. "Njoki, funika bwanako!" Njoki alikuwa ameketi chini akilia kwa kicheko, kwa hivyo nikafunikwa na Achieng'.

Wanaume wawili wakavuta ule mkono wa ovaroli wakashindwa, mwishowe Kiprono akaukata. Nikakaa nje na leso yangu, nikiwa na huzuni ya kweli sasa, kwa sababu ndege yote ilikuwa imepotelea hapo. Kisha mama mkwe akatoka na lile bawa. Akaliweka chini, akakanyaga bati, akashika kitambaa kilichobaki, akavuta na ile mikono iliyobeba magunia ya viazi miaka na miaka. Kitambaa hakikutoka.

"Mama, hii imeharibika," Kiprono akamwambia. "Kitambaa haifai kuwa ndani."

"Atarudia," akasema. "Mimi nilikuwa naogopa hii kitu itaachana huko juu. Kumbe inashika mpaka mtu." Akatoa kifunguo kwa mkoba, akampa Njoki, maana mimi hakuweza kuniangalia. "Mwambie stoo ni yake. Lakini huko ndani mtu anaingia na suruali."

Nilirudia mafunzo, mikono ya nguo imekunjwa mpaka mabegani, na masanduku yalishafika Njoro. Lile bawa liko sebuleni kwa mama mkwe, na kila mgeni lazima avute kitambaa kwanza. Mimi niliapa sitawahi tena kuvaa ovaroli bila suruali, na kiapo changu nimekishika, siku za baridi ninavaa hata mbili. Lakini mama mkwe akiniletea chai hajawahi kuingia hivi hivi. Anasimama nje ya stoo, ameangalia barabarani, anabisha mlango na kuuliza, "Kapteni, umevaa?"