Dole gumba la mwalimu

Leo nilimpelekea mama mmoja habari njema, akalia.

Kamati ya kanisa letu hapa Kyebando inamtaka Mama Akello aezeke upya paa la kanisa linalovuja. Zamani kanisa lilimpa baba yake kiwanja kwa sharti kwamba mwenye kiwanja ndiye atakayetunza paa. Kamati iliniomba nithibitishe kama kiwanja bado ni cha familia yake.

Katika ofisi ya ardhi nikakuta hati ya miaka ya sabini, enzi ya utawala wa kijeshi: baba yake amemuuzia ofisa wa jeshi kiwanja hicho.

Kiwanja si chao tena, kwa hiyo Mama hadaiwi kitu. Nilikwenda kwake karibu nikikimbia. (Ndiyo, mimi, kwa umri huu.)

Akaigeuza nakala huku na huku.

"Mutoto wangu, sahihi iko wapi?"

"Ni hiyo alama ya dole gumba, Mama."

"Baba yangu alikuwa mwalimu. Watu wa hapa wote, yeye ndiye alifundisha kuandika. Sasa dole gumba ya nini?"

Hapo ndipo akalia.

Askari walimchukua baba yake mwaka huohuo wa hati, hakurudi. Labda dole ni la mtu mwingine. Labda ni lake, na mkono haukuweza tena kushika kalamu.

Nikamweleza kwamba hati hiyo, hata hivyo, inamwondolea mzigo.

"Ambia kamati nitaezeka mimi. Hiyo karatasi usiwapelekee. Baba hakuuza."

Ripoti yangu inasomwa Jumapili. Nimeandika maneno mawili tu, "Mwalimu aliuza", nikayafuta, nikayaandika tena.

Ninyi mngeandika nini?